Taa ya Chumbani kwa Straton

Straton alipooa, nusu ya kilima chao, kule Kalembe, ilihamia chumbani mwake. Hakuwa amemwalika mtu. Watu walikuja wenyewe, na vikapu vya maharagwe, na vidole vyenye funza, na vitabu vya nyimbo, na wote walikuja kwa sababu ya taa.

Tuseme ukweli, taa yenyewe ilikuwa nzuri. Aliitoa Bweremana, alikoteremka juu ya lori la kahawa lililokwenda kushusha magunia ziwani, na njia yote ya kupanda milima alikuwa ameipakata kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa taa ya kupampu, yenye tangi linalong'aa na kile kisoksi cheupe kinachowaka bila kuisha. Straton alikuwa karani wa mizani kwenye plantasyo ya kahawa ya mzungu mmoja, na kila jioni alipokwenda kurudisha funguo za stoo aliiona taa ya namna hiyo ikining'inia barazani. Chumba cha kulala cha yule mzungu hakuwahi kukiona hata kupitia dirishani. Lakini alijipigia hesabu yake: kama barazani, mahali pa kuvulia viatu vya matope, wanaweka mwanga wa namna ile, basi karibu na kitanda itakuwa maajabu.

Na alikuwa na sababu ya kukihangaikia chumba. Kwa watu wake, bibi-arusi akishaingia kwa mumewe hatoki nje. Hafagii, halimi, hapiki. Anakaa chumbani amejifunika kitenge chake mpaka shangazi zake waje kumtwikurura, yaani kumfungulia mlango na kumtoa mbele za watu awe mama wa nyumba. Siku hizo zote hasemi mbele ya wageni, na hata na mumewe hasemi maadamu kuna mtu wa tatu. Hiyo ndiyo heshima. Basi mtu anayekaa ndani namna hiyo anastahili chumba kinachopendeza, na Straton alijituma: akasiriba kuta upya kwa udongo mweupe, akatandaza mikeka mipya, akaitundika taa kwenye boriti, juu kabisa ya kitanda.

Dada yake mkubwa, Mukandori, alikuja siku ya kuijaribu. Taa ikanguruma, kuta nyeupe zikaupokea mwanga na kuurudisha, na hakuna pembe iliyobaki na kivuli hata cha kuficha panya. Mukandori akakinga macho kwa kiganja.

"Straton, huyu mutoto wa watu unamuleta kulala ao kupasuliwa?"

"Iko taa ya kisasa, dada."

"Naona. Naona mpaka mawazo yako. Na yeye ataona mpaka nywele za mu pua yako, akimbie kabla ya asubuhi."

Straton alimwambia kwamba wivu ni dhambi. Mukandori akajibu kwamba yeye kwake analala gizani kama Mkristo, akaondoka akicheka.

Huyo mtoto wa watu aliitwa Vestine, binti wa wakulima wa upande wa Masisi. Mambo yalipangwa na wazazi, na kabla ya arusi Straton alikuwa amemwona mlangoni pa kanisa tu, kila mara shangazi mmoja akiwa amesimama katikati yao kama uzio. Sauti yake alikuwa ameisikia mara moja: ile "ndiyo" ya mbele ya altare, ndogo hata padri akamwomba airudie. Straton aliibeba hiyo "ndiyo" kichwani kutwa nzima. Alitaka sana kujua maneno mengine yatakayoifuata yatakuwaje.

Jioni ya kwanza, wageni wa arusi walipokwisha kutawanyika, aliiwasha taa, akakaa kwenye kigoda, akasafisha koo. Neno la kwanza likiwa tayari limefika kwenye ulimi, akasikia hodi.

Alikuwa Mama Nyiraneza, mjane wa jirani, na kikapu kichwani. Alisema aliona mwanga kutoka shambani kwake ukipenya juu ya ukuta, akafikiri nyumba inaungua, akaja kusaidia kuzima. Kwa kuwa haiungui, Mungu asifiwe, basi angekaa kidogo tu achambue mbegu zake za maharagwe, maana macho yake siku hizi hayatofautishi haragwe zima na lililotobolewa. Akaketi mkekani, akaanza. Vestine akakivuta kitenge mpaka puani.

Sasa ungemwambia nini? Huyu mama ndiye aliyewakamulia ndizi za pombe ya arusi. Kwenye mizani Straton alikuwa na sauti ya kutisha wabeba magunia, lakini nyumbani kwake, mbele ya mama mzee mwenye kikapu, sauti hiyo ilijua neno moja tu, nalo lilikuwa "karibu."

Kesho yake Mama Nyiraneza alirudi na wenzake. Akaja na Papa Nzabonimpa, ambaye aliunyoosha mguu wake chini ya taa, akatoa pini, akaanza kuchokoa funza kwa raha zote, huku akiisifu taa kwamba haina mfano. Halafu katekista Edmond akaona kwamba kwaya haiwezi kusoma nyimbo mpya gizani wakati kilima kina mwanga, akawaleta. Sauti nene zilisimama upande wa kitanda, nyembamba upande wa dirisha, na katikati alikuwa Vestine, amejifunika, hatikisiki, kama sanamu ya Bikira siku ya maandamano.

Kilichomuumiza Straton ni kwamba mchana Vestine alikuwa anaongea. Akirudi kutoka kwenye mizani alisikia kicheko chumbani, chake na cha Mukandori aliyekuwa akishinda naye. Unyayo wa Straton ukigusa uwanja, kicheko kinakatika. Mukandori anatoka akijifuta machozi.

"Bibi yako anachekesha, Straton. Ungelimusikia."

"Anasemaka nini?"

"Umuulize."

Kumuuliza saa ngapi? Jua likizama tu, kikapu cha kwanza kilishaonekana njiani, na mgeni wa mwisho alipoaga, Vestine alikuwa ameshalala ndani ya kitenge.

Alijaribu ujanja. Jioni moja alitangaza kwa huzuni kwamba mafuta ya taa yamekwisha. Watu walimwonea huruma ya kweli, wakaenda makwao, na kabla hajamaliza kufurahi walikuwa wamerudi, huyu na chupa, huyu na nusu chupa, mpaka nyumba ikawa na mafuta kushinda duka. Siku nyingine alisema taa kubwa imechoka, akawasha kibatari cha bati alichokiazima kwa Mukandori. Kibatari kilitoa moshi mwingi kuliko mwanga, kikamchorea Straton masharubu ambayo Mungu hakumpa, na Vestine akapiga chafya ndani ya kitenge. Papa Nzabonimpa alisikitika kuona mtu anateseka namna ile. Akaiteremsha taa kubwa mwenyewe, akaipampu, maana sasa alishajua kupampu kushinda mwenye taa, na kazi ikaendelea.

Ndipo habari ikafika: Jumapili shangazi zake Vestine watakuja kumtoa nje.

Mukandori alimfuata Straton nyuma ya nyumba, na mara hii hakuwa anacheka sana. Alimkumbusha vile mambo yanavyokwenda. Shangazi wataingia kwanza peke yao, watakaa na binti yao, watamuuliza: huyu bwana ni mtu wa namna gani, mnaongea, umemzoea? Jibu likiwa zuri, watamtoa kwa vigelegele. Jibu likiwa baya, watasema mtoto amechoka, watarudi naye kwao akapumzike, na kupumzika kwa namna hiyo hakuna anayejua kunaisha lini.

"Sasa yeye atawaambia nini?" Mukandori akauliza. "Kama Nzabonimpa anapampuka muzuri?"

Straton hakula siku ile. Kwenye mizani aliandika uzito wa gunia moja kwa jina la mtu mwingine, na wabeba magunia walitazamana, kwa sababu karani hakuwa amefoka tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili ilikuwa kesho.

Alitoka kazini mapema, akaingia chumbani bila kumtazama Vestine, akaiteremsha taa kwenye boriti, akaibeba mpaka kanisani. Alimkuta Edmond akifagia. Alikuwa ametunga hotuba njia nzima, juu ya wimbo wa kesho na utukufu wa Mungu na nyumba isiyo na mwanga, lakini Edmond aliipokea taa kabla hotuba haijafika kwa Mungu, akaanza kutafuta pa kuitundika.

Jioni Straton alirudi na taa ndogo ya chemni, ile ya kibanda cha mizani, ambayo kwa mawazo yake haikufaa kuonyeshwa bibi-arusi. Akaiwasha, akaitundika pale pale kwenye boriti, akakaa. Alingoja hodi. Haikuja. Kutoka mbali, kanisani, kwaya ilianza kujaribu sauti.

Sasa Straton alikuwa peke yake na mkewe. Maneno yote aliyoyaweka akiba jioni zote zile yalikuwa yamekwenda sijui wapi. Akatazama mikono yake. Mwisho akasema:

"Kahawa ya leo ilikuwa na maji."

Hata yeye aliona aibu kwa niaba ya hiyo kahawa.

"Ishushe," kitenge kikasema.

Straton akageuka kutazama mlango, kama kuna mtu ameingia.

"Nini?"

"Ile taa. Ishushe. Iko inaniangalia mu macho."

Sauti haikuwa ndogo hata kidogo. Straton aliinuka kwa haraka akagonga kichwa kwenye boriti, akaishusha taa, akaiweka kwenye kigoda.

"Chini tena."

Akaiweka kwenye mkeka.

"Sasa upunguze."

Akazungusha utambi kwa nguvu za mtu wa magunia, na moto ukawa karibu kufa.

"Sikusema uiue. Pole pole. Hapo. Sasa uipeleke nyuma ya kile kikapu changu."

Kikapu kilikuwa kile kirefu chenye kifuniko alichopewa na mama yake siku ya arusi, kilichosukwa kwa majani membamba. Straton alikisogeza, akaificha taa nyuma yake, akarudi nyuma kutazama. Mwanga haukuwa na haraka tena. Ulipanda ukutani kutoka chini, na ule udongo mweupe, ambao jioni zote ulikuwa unachoma macho, ukawa na rangi ya asali. Boriti zikarudi gizani. Kitanda kikaonekana kama kitu cha kulalia.

Vestine alikitazama chumba, akakitazama tena, halafu akakishusha kitenge mpaka mabegani.

"Nilikuwa ninaiwaza ile fasi ya taa tangu siku ya kwanza," alisema. "Sikukuwa na kazi ingine. Nilikuwa nasema mu roho: kama hawa watu wanatoka, taa inaenda nyuma ya kikapu."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wakati wa maharagwe, ao wakati wa funza?"

Straton akacheka, na kicheko kilipoanza hakikutaka kukoma. Naye Vestine akafunguka. Kumbe chini ya kitenge alikuwa amesikia kila kitu. Alijua ni nani kwenye kilima amegombana na nani, na mbuzi wa nani amekula mihogo ya nani. Alikunja kidevu akaimba sauti nene ya Edmond, sawasawa, mpaka na pale anapopotea na kukohoa ili watu wasijue. Alimuuliza Straton kama ni kweli wabeba magunia wanamwogopa. Straton akasema ndiyo. Vestine akamtazama kwa muda, kama mtu anayeambiwa kwamba ng'ombe anaruka, akasema basi wabeba magunia wa siku hizi si kitu.

Ndipo wakasikia nyayo, na manung'uniko yaliyozoeleka. Mama Nyiraneza alikuwa anarudi kutoka kanisani. Edmond alikuwa amemkatalia: nyumba ya Mungu si mahali pa kumwaga maganda ya maharagwe. Basi aliona ni heri arudi kwa watu wenye utu.

"Hodi hapa."

Kinywa cha Straton kilifunguka chenyewe. Ile "karibu" ilishafika kwenye meno. Vestine akanyoosha mkono akaiziba, kiganja kizima, akageukia mlango.

"Tumelala, Mama."

Nje kikapu kikatuliwa chini. Bibi-arusi hajatolewa, naye anamjibu mtu mzima kupitia mlangoni. Jambo kama hilo Mama Nyiraneza hakuwa amelisikia tangu azaliwe.

"Ni nani anasema?"

"Ni mimi, Vestine. Tumelala tangu zamani. Nikishatoka nje, nitakuja kwako tuchambue pamoja, mchana."

Halafu ikasikika pumzi ndefu, na kikapu kikipandishwa tena kichwani.

"Haya, mwanangu," Mama Nyiraneza akasema, na sauti yake ilikuwa na tabasamu ndani yake. "Mulale. Si ninasikia vile munalala."

Nyayo zikaondoka. Straton alitaka kusema kitu, lakini mkono ulikuwa bado pale pale. Vestine akamsogelea sikioni, akamnong'oneza angoje, kwa sababu huyu mama akifika kwenye migomba anasimamaga kusikiliza. Wakangoja. Na kweli nyayo zilikuwa zimesimama. Straton, karani wa mizani, akajikuta amebana pumzi ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyeingia kuiba, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mbele yake, katika ule mwanga wa asali, mkewe alikuwa amefumba macho kabisa ili asicheke wa kwanza.