Kuni Zangu Hazikuwa na Kosa

Mtu asiniambie nisahau. Nimeshaambiwa na mchungaji, na mama mkwe wangu, na hata Ndesanjo mwenyewe ambaye macho ni yake. Wote nimewajibu kwa adabu kwamba nimesikia. Kusikia ni kusikia tu. Mimi nililaumiwa jikoni mwangu jioni baada ya jioni, miezi mingi, huku mwenye kosa akinywa chai barazani kwake.

Ndesanjo, mume wangu, alipata kazi kwenye kituo cha majaribio ya kahawa kule juu ya Moshono, mwaka uliofuata baada ya ndugu zetu kufukuzwa Ngare Nanyuki ili Wazungu wapewe ardhi yao. Wameru wengi wakati huo walikuwa hawataki hata kupokea salamu ya Mzungu, na walimsema sana. Lakini mibuni yetu ilikuwa inakufa. Majani yalipata madoa, yakapukutika, na kahawa ikakauka mtini ingali changa. Kituo kilikuwa kinatafuta dawa ya ugonjwa huohuo.

"Waache waseme," aliniambia. "Nitajifunza kuutambua ungali mdogo kwenye jani, kabla haujala mti. Nikishaujua, nitauwahi hapa kwetu."

Alikuwa na macho, Ndesanjo. Alimwona mbuzi aliyepotea akiwa ng'ambo ya korongo wakati sisi wengine tunaona vichaka. Kanisani alisoma kitabu cha nyimbo kutoka mkononi mwa mtu wa mbele yake.

Wakamweka maabara. Humo kulikuwa na chumba kidogo cheupe chenye taa ndefu darini, ya mwanga wa zambarau. Kazi yake ilikuwa kuua ukungu na vijidudu, ili majani yenye ugonjwa yanapotiwa kwenye chupa uchafu mwingine usiingie. Bwana Reginald, mkuu wa kituo, alitaka iwake wakati wote watu wanafanya kazi humo. Ndesanjo aliipenda taa ile. Aliniambia ni taa baridi, unaweka mkono chini yake na husikii kitu. Nami nilimwamini. Kwetu moto hujulikana kwa joto lake. Kitu kisichounguza mkono kitaunguzaje jicho?

Jioni ya kwanza alirudi mzima, akala loshoro yake, akambeba Tabitha mtoto wetu. Tulipokaribia kulala akaanza kujifikicha macho. Mara machozi yakamtoka, akapiga kelele kwamba kuna mchanga ndani ya macho, nimtoe mchanga. Nilichukua kibatari nikamtazama. Hapakuwa na mchanga. Macho yalikuwa mekundu, na kile kibatari chenyewe hakukivumilia.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka nyumba yake akasimama mlangoni. Hakumtazama mwanawe. Alitazama jiko langu.

"Mama Tabitha, unapikia kuni gani?"

"Za mringaringa, mama."

"Mbichi."

"Zimekauka, mama. Zimekaa darini tangu mvua za vuli."

"Mbichi," alisema. "Huu ni moshi. Utampofusha mwanangu kwa uvivu wa kwenda mbali kutafuta kuni."

Asubuhi alimwita jirani yetu Magdalena, aliyekuwa ananyonyesha, akamkamulia Ndesanjo maziwa machoni, ndiyo dawa yetu tangu zamani. Kesho yake maumivu yakapungua. Maziwa yakasifiwa, kuni zangu zikahukumiwa.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Jioni macho yanawaka, mama anakuja mlangoni, mimi nasemwa. Wanawake wenzangu kisimani wakaanza kuniuliza napikia nini, wakichekacheka. Ndesanjo mwanzoni alinitetea. Mtu anayeumwa huchoka kutetea. Siku moja akaniambia mbele ya mama yake, "Lakini na wewe, mke wangu, si ubadilishe tu hizo kuni?" Nilitamani kumpiga na mwiko.

Nilibadilisha. Nilikwenda hadi karibu na msitu nikaleta kuni kavu kama mifupa. Macho yakawaka. Nikapikia nje uani, kando ya ua wa masale, upepo ukichukua moshi wote mpaka kwa jirani. Yakawaka. Nikaacha kupika kabisa, Ndesanjo akawa anakula kwa mama yake, penye hizo kuni takatifu. Yakawaka, na mama akasema ni moshi wa zamani uliomkaa mwilini. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukweli hautafutwi. Anatafutwa wa kubeba lawama, na mgongo uliokuwa karibu ulikuwa wangu.

Kisha ile taa ikaharibika. Bwana Reginald akaagiza nyingine Nairobi, na muda wote wa kuisubiri Ndesanjo alifanya kazi bila taa. Nilipika kwa kuni zilezile za mringaringa, ndani ya nyumba ileile, mlango nimeufunga makusudi. Nilijaza moshi mpaka Tabitha akakohoa. Ndesanjo akala, akaimba, akalala. Macho yake yalikuwa meupe. Siku taa mpya ilipowashwa, jioni yake alikuwa sakafuni analia.

Asubuhi nikafunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, nikapanda kituoni. Niliogopa, sitadanganya. Lakini hasira ilikuwa mbele na woga ukafuata nyuma.

Uani kwao nilimkuta Shabani, dereva, mtu wa Ngarenaro, anaosha gari. Tulifahamiana kwa sababu mara nyingine alimshusha Ndesanjo karibu na nyumbani.

"Shemeji, unamtafuta mumeo? Yuko chumba cha taa."

"Namtafuta anayemuua macho."

Shabani akaacha kuosha. Wakati uleule Bwana Reginald akatoka maabara. Alikuwa amevaa miwani mikubwa myeusi, imefunika mpaka pembeni mwa macho, na glavu za mpira mikononi. Akaivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena, akarudi ndani.

"Ile miwani ni ya nini?" nikauliza.

"Mwanga ule unakula macho, shemeji."

"Anajua?"

"Atakosaje kujua? Taa ilikuja na miwani yake. Lilikuja sanduku zima."

"Na Ndesanjo, mbona hana?"

Shabani akatazama chini. "Tuliuliza. Bwana alisema macho meusi yanastahimili, ninyi mmezaliwa juani. Na tena alisema hapendi kutazamana na boi aliyevaa miwani ya giza, ni jeuri. Sanduku liko kabatini."

Ninarudia maneno yale kama nilivyoyasikia, ili asiseme mtu kwamba nilikuwa na hasira bure. Sanduku lilikuwa kabatini. Miezi yote ile ya maziwa ya Magdalena, ya mama mlangoni, ya mume wangu anajikunja sakafuni, sanduku la miwani lilikuwa kabatini, umbali wa hatua chache kutoka alipokuwa anasimama.

Sikubisha hodi. Niliingia mpaka chumba cha taa, nikashusha kanga ya kichwani ikanifunika uso wote, kama mfiwa. Kupitia kitambaa niliona zambarau, na kivuli cha Ndesanjo ameinamia chupa.

"Toka humu," nikamwambia.

"Mama Tabitha! Umeingiwa na nini? Utanifukuzisha kazi!"

"Toka, Ndesanjo. Kaa nje ya mlango."

Nilikuwa sijawahi kumwamuru mume wangu kabla ya siku ile. Alitoka. Bwana Reginald, aliyekuwa chumba cha pili, akasikia sauti ya mwanamke akaja mbio. Miwani ile ni ya giza, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimejifunika gubigubi. Hakuweza kuniona vizuri. Akaisukuma juu, ikakaa kwenye paji la uso.

"Nani hii? Nani naleta bibi hapa? Toka!"

"Mimi ni mke wa Ndesanjo. Nimekuja kuchukua macho ya mume wangu."

"Toka sasa hivi!"

"Nipe kwanza miwani iliyo kabatini."

Akaanza kupiga kelele. Nami nikapiga za kwangu. Nilimwambia habari za kuni, za maziwa, za mama mkwe, nikichanganya Kiswahili na Kimeru, na alipotaja polisi nikamwambia awaite, waje nao wasimame humu. Hakuthubutu kumshika mwanamke mbele ya watu waliokwisha kujaa mlangoni. Akabaki kunifokea usoni, macho matupu, ya bluu, chini ya taa yake mwenyewe.

Niliiona miwani ile kwenye paji lake. Niliiona tangu mwanzo. Nikaendelea kusema. Kila nilipoishiwa na la kusema nilianza tena kwenye kuni. Nilikaa humo mpaka sauti ikanikauka, kisha nikatoka mwenyewe kwa miguu yangu, uso bado nimefunika.

Nyumbani Ndesanjo aliketi kunipa mgongo. Alijua ameshafukuzwa, alikuwa anasubiri tu kuambiwa. Mama mkwe alisema nimeiaibisha nyumba mbele ya Wazungu.

Asubuhi Shabani akaja na gari mpaka kwenye migomba yetu. Alishuka anashika mdomo asicheke.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe wangu kwanza, kwa heshima yake. Kisha akanigeukia. "Shemeji, jana jioni Bwana amelia kama mtoto. Anasema kuna mchanga machoni. Amegonga ukuta kwa kichwa. Nimetumwa mjini mbio kumleta daktari."

Mama mkwe wangu akaketi chini polepole.

"Mchanga?" akauliza.

"Mchanga, mama. Maneno hayohayo."

"Na mpishi wake anapikia kuni gani?" nikamuuliza Shabani, ila jibu nililitaka kwa mama.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Jioni moja tu ilimtosha Bwana Reginald. Daktari alipotaka kujua wafanyakazi wanavaa nini, kabati likafunguliwa siku ileile. Sanduku lilikuwa halijaguswa, nyasi za kufungia zingali ndani. Kila mtu wa maabara akapata miwani yake, na ikatoka amri taa izimwe kabla mtu hajaingia. Ndesanjo hakufukuzwa. Nadhani daktari aliuliza mengi mno, ikawa aibu kumfukuza. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ingeweza kufanywa siku ya kwanza.

Ndesanjo naye alikwenda hospitali. Aliambiwa kuwaka kutaisha, na kweli kuliisha. Lakini jicho la kushoto lilikuwa limeshaota utando, na la kulia limeanza ukungu. Utaacha kukua, walisema, ila kilichokwisha ota hakitaondoka.

Siku aliyoambiwa hivyo alirudi akapita kwenye ua wetu, akakata jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba radhi, na huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Aliingia jikoni akapapasa hewani kunitafuta, maana giza la jikoni lilikuwa limeshamshinda, akaninyooshea lile jani.

"Nilisema ni kuni zako," alisema.

Nilitaka kukaa na hasira yangu angalau mpaka mavuno. Isale haikupi nafasi hiyo. Nililipokea, nikalichomeka darini, juu ya kuni. Nyuma yake mama mkwe wangu alikuwa amesimama na mzigo wa mringaringa kichwani. Aliutua karibu na jiko langu, akawasha moto yeye mwenyewe, tukakaa wote ndani ya moshi.

Hao wawili nimewasamehe, na sijawahi kuwakumbusha.

Lakini alikwenda kule ili ajifunze kuuona ugonjwa kwenye jani. Aliujua kweli, wanasema hakuna aliyeujua kama yeye. Na sasa tukiwa shambani anachuma jani la kahawa, analisogeza puani, analigeuza, kisha ananipa.

"Mama Tabitha, hebu nitazamie. Kuna madoa?"

Namtazamia. Mara nyingine yapo.

Bwana Reginald bado hupita barabara ya chini kwa gari lake, amevaa miwani yake myeusi, na hunipungia mkono. Sijui anapunga nini. Hajaniletea isale, nami simwambii, maana akilileta mila itanilazimisha kulipokea. Kila Jumapili namwomba Mungu jambo hilo moja: yule mtu asije akajifunza desturi zetu.