Mshahara wa Mkurugenzi Kinsi

Kichwani mwake Sugow alikuwa ameshashinda zabuni. Kuipelekea shule ya bweni mbuzi wa nyama mwaka mzima, nani Garissa angemshinda? Kilichobaki ni cheti cha kutodaiwa kodi, nacho kilitakiwa Alhamisi hiyo kabla ya saa sita mchana. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa katika ofisi moja mtaani Waberi, mbele ya Sadia, mhasibu wa Kiborana kutoka Wajir, dada asiyecheka na mtu akiwa kazini.

"Mzee, kila mwezi umetoa laki moja kwenye akaunti ya kampuni," Sadia alisema. "Hiyo ni nini?"

"Ni besa yangu. Kambuni si yangu?" Sugow akajibu kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Pesa hiyo inahesabiwa mshahara wa mkurugenzi, na ina kodi." Akamwonyesha jumla.

Sugow akaisoma mara mbili. Akauliza kama hakuna njia ya kuipunguza. Sadia akaeleza kwamba mshahara ukipanda, kodi nayo hupanda. Laki moja ya mtu mmoja hukatwa zaidi kuliko elfu hamsini hamsini za watu wawili. Akauliza kama kampuni ina mkurugenzi mwingine anayelipwa.

Mkurugenzi alikuwapo. Siku ya kusajili, Sugow alitaka kampuni ionekane nzito, akamwandika mkewe Kinsi, kisha akalisahau jambo hilo kabisa.

"Yuko! Anafanya kazi yote!" Akamwaga maneno: Kinsi hupokea malori kutoka Modogashe, huhesabu mbuzi, hulisha wachungaji, hujua kichwani nani anadaiwa nini. "Na namliba elfu hamsini kila mwezi, mkononi." Alitaka kuapa, akamwogopa Mungu, akakohoa.

Sadia aliandika yote. Sugow akatia sahihi mbio mbio, roho kwatu.

Ila kila mkurugenzi hujaza mwenyewe ritani yake, ile fomu ya kodi ya mwaka, na namba ya siri ya Kinsi ilitumwa kwenye simu ya Kinsi. Ikabidi aitwe. Alifika kutoka zizini kwao Galbet saa tano hivi, vumbi la zizi limetapakaa kwenye hijabu.

"Mama, mwaka jana ulilipwa shilingi laki sita," Sadia alimsomea. "Ni kweli?"

Kinsi alimtazama mumewe. Sugow akapata shughuli ya kuchunguza feni.

"Soma hiyo kazi yangu," Kinsi alisema.

Sadia akasoma.

"Hiyo ni kweli yote. Miaka kumi na moja, hakuna mtu amesema." Sauti ililegea kidogo, kisha ikakazika. "Lakini besa sijaona."

"Basi siwezi kutuma," alisema Sadia, akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Kinsi, si mimi nakulisha? Si mimi nakufalisha?"

"Kunilisha ni wajibu yako. Mshahara ni yangu. Uliza sheikh."

Sugow hakuwa na haja ya sheikh. Yeye mwenyewe ndiye huwaambia vijana msikitini kwamba mali ya mke haiguswi. Saa ilikuwa tano na nusu, na laki sita hakuwa nazo. Alikuwa na mbuzi sitini wa kampuni zizini, elfu kumi kwa kichwa. Sadia akaandika hati kwamba mbuzi hao sasa ni wa Kinsi, badala ya mshahara wake, Sugow akatia sahihi tena, safari hii polepole. Kinsi akataja namba ya siri, kodi iliyopungua ikalipwa kwa simu, na cheti kikatoka saa sita kasoro dakika saba.

Zabuni aliipata. Jumatatu shule ikaagiza mbuzi sitini, wafike kesho yake.

Sugow alimkuta mkewe zizini, akamsemesha kwa Kisomali, kwa upole ambao hakuwahi kuutumia tangu harusi.

"Kinsi, nikopeshe hawa. Shule ikilipa, nitalipa."

"Nani anakopa, wewe au kampuni?"

"Kampuni!" akajibu haraka.

"Basi keti," Kinsi akasema, akamsogezea kigoda. "Kampuni ina wakurugenzi wawili, na mmoja bado hajaamua."