Pengo la Kambale

Ukipenda chongo utaita kengeza. Marie-Louise hakujisumbua kulipatia pengo la mumewe jina jingine. Aliliita pengo, na alilipenda hivyo hivyo. Kambale alilipata utotoni, beberu wa baba yake alipomng'oa jino la mbele kwa pembe, na kupitia tundu lile alijifunza kupiga mluzi ambao hakuna mwingine aliyeuweza: mrefu, unaopanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Kwa mluzi huo alimchokoza Marie-Louise sokoni Kalengera kabla hajathubutu kumsalimia. Na kwa mluzi huo huo alimpata tena mwaka ule wa kukimbia vita, walipopotezana kwenye umati wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Marie-Louise alikuwa analia, mtoto mgongoni, aliposikia swali lile nyuma ya maturubai. "Niko hapa!" alipiga kelele. "Niko hapa!"

Sasa mtoto yule wa mgongoni, Fabiola, alikuwa anaolewa, na Kambale aliona haya. Wakwe walikuwa watu wa Bukavu, makarani na wafanyabiashara, wenye meno yao yote. Mjini aliona kibao cha daktari wa meno aliyesomea Kampala, kina neno la Kiingereza: restoration. Alilinakili kiganjani kwa kalamu, akarudi nalo nyumbani Katoyi bila kunawa.

"Fabi, hii inasema nini?"

Fabiola, aliyejua Kiingereza, aligeuza kiganja cha baba yake. "Ni kurudisha kitu vile kilikuwaka mbele ya kuharibika, papa."

"Njo ile niko natafuta!"

Marie-Louise alikuwa anatwanga majani ya sombe. "Vile kilikuwaka lini?" aliuliza. "Mimi nilikukuta hivi."

"Mbele ya ile mbuzi, Mama Fabi!"

Wote walicheka, Marie-Louise akacheka nao, lakini moyo ulimuuma. Huyo Kambale wa kabla ya mbuzi hakumjua. Alikuwa mtoto wa watu huko. Wake ni huyu. Alitaka kumwambia, "Niachie hili pengo." Ila alikuwa amemwona kwenye kila ubatizo na kila sikukuu akicheka nyuma ya kiganja, mtu mzima, kama aliyeiba sukari. Angemwombaje aendelee kujificha? Akaendelea kutwanga.

Jino likatiwa, na kusema kweli lilimpendeza. Kambale akasimama uani, akakunja midomo ajaribu mluzi wake. Pumzi tupu ikatoka. Akajaribu tena, kisha akacheka kupita kiasi.

Ndipo Marie-Louise aliposhindwa kujizuia. "Na siku tunapotezana tena, Papa Fabi?"

Kambale alimshika tu mkono, wakakaa hivyo.

Siku ya ndoa, watu walimiminika nje ya kanisa, fanfari ya matarumbeta ikapiga, magari yakapiga honi. Mpiga picha akaita wazazi wa bibi harusi. Marie-Louise akageuka: Kambale hayupo. Wakwe walikuwa wamemchukua huku na huku, na kila mwanamume pale alivaa koti jeusi. Aliita jina lake. Sauti yake ikamezwa na tarumbeta. Ikawa kama siku ile ya Kanyaruchinya.

Bibi yake aliwahi kumwonya kwamba mwanamke akipiga mluzi anaita nyoka nyumbani. Hakuwahi kupiga mbele ya mtu. Lakini wiki ile, nyuma ya jikoni, alikuwa amejaribu mpaka midomo ikafa ganzi.

Akatia vidole viwili mdomoni, mama wa bibi harusi, mbele ya padri na ukoo wote wa Bukavu, akapiga. Mluzi ukatoka mrefu, ukapanda mwishoni. Akina mama wa Bukavu wakageuka, vinywa wazi.

Karibu na fanfari, mtu mmoja akaanza kusukuma watu. Kambale alikuja mbio, kiganja mdomoni kwa mazoea, machozi yakimtoka. Kisha akakumbuka, akakishusha.

"Niko hapa!" alipiga kelele, akicheka na meno yote. "Mama Fabi, niko hapa!"