Loweka Ulale

Sokoni walimwita Spika, maana sauti yake ilifika kabla ya gari la sabuni. "Loweka ulale, uamke na nguo mpya! Haichuji, haichani, haichagui kitambaa!" Kisha alichovya ndani ya beseni kitambaa chenye doa la grisi, akakitoa cheupe pe, na akina mama wakapanga foleni. Siri ilikuwa wanga. Kitambaa kilipakwa wanga mzito kwanza, kikakauka, ndipo grisi ikapakwa juu. Hata maji matupu yangeiondoa. Na wanga wenyewe alipikiwa na mama yake kila wiki, mama wa watu akidhani ni wa kunyooshea mashati.

Jumamosi hiyo alipita kwa mama kuuchukua, akamkuta uani, beseni mbele ya miguu yake.

"Mwanangu, njoo uone. Nimekosea wapi?"

Ndani ya beseni mlikuwa na shali ya sufu ya marehemu dada yake Spika. Dada aliifuma akiwa mjamzito, akajifungua binti, na hakutoka hospitali. Binti alilelewa na bibi yake, akiviringishwa shali hiyohiyo. Sasa naye alikuwa amejifungua, na alasiri ile angemleta kichanga wake aje kufunikwa kwa kazi ya mikono ya marehemu. Shali ilikuwa na doa kuukuu la dawa ya kikohozi, na mama alitaka kulitoa. Alimtuma jirani akanunue pakiti ya sabuni ya Spika, maana mwanawe angempa bure.

Doa lilikuwa palepale. Iliyokwenda ni sufu: matundu matupu, na ukiinua upande mmoja uzi unakatika wenyewe.

"Nimeloweka usiku kucha kama unavyosema. Labda nimezidisha. Macho haya nayo!"

Spika alichuchumaa kando ya beseni. Dada yake hakuacha kitu kingine duniani.

"Mama, hukukosea. Sabuni yangu haitoi doa, inakula nguo tu. Nawadanganya watu. Huo wanga unaonipikia ndio..."

"Hebu nyamaza." Mama alimpapasa shavu kwa mkono wenye povu. "Una huruma tangu mdogo. Si ulisema ni wewe uliyevunja chungu, ili nisimchape dada yako? Leo tena unajisingizia. Kosa ni langu, niachie."

Alipojaribu tena, mama aliangua kilio, na Spika akaacha, akaitoa shali taratibu na kuianika kambani.

Mpwa wake aliingia amempakata kichanga. Aliiona shali kambani, akagusa uzi mmoja, ukamkatikia kidoleni. Aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Nisamehe, mjukuu wangu," mama alisema. "Mikono imezeeka. Sabuni yenyewe ni nzuri, ya mjomba wako. Pakiti imebaki nusu, nimekuwekea ya nguo za mtoto."

Binti alipangusa macho, akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima ya bibi yake. "Mjomba, nguo za mtoto zinafuliwa na hii?"

"Unamuuliza nini? Yeye ndiye mwenyewe," bibi alisema.

Spika alimtazama yule kichanga, amelala mdomo wazi. Angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha.

"Hapana," alisema. "Usimguse nayo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mashati yangu mwenyewe nafulia sabuni ya mche."

Mama alimtazama mwanawe, akaitazama mikono yake, ngozi ya vidole imeanza kubanduka.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua siku zote. Mimi nilikuwa nafungua dirisha ukipita na gari, nimsikilize mwanangu."

Alikwenda kuianua shali. Ilimmegukia mikononi, vipande vikadondoka chini, na Spika akainama haraka kumsaidia.

"Acha," mama alisema, bila kumtazama. "Nitaokota mwenyewe."