Jina la Kichochoro cha Mavis

Mavis Theaker nimemjua tangu siku nilipoolewa kuja pwani hii. Nikisema shoga, ni shoga kweli: uzazi wangu wa kwanza alinishika mkono yeye, na mama yake alipougua nilimwogesha mimi. Kwa hiyo msiniambie nipunguze hasira. Sipunguzi.

Mume wangu, Amos, alikuwa mpishi kwenye meli ya uvuvi mpaka miguu ilipomkataa. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kila asubuhi namsukuma kupitia kichochoro cha nyuma ya nyumba hadi bandarini, akawatukane wavuvi wenzake wa zamani, nao wamtukane. Ndiyo dawa yake hiyo. Njia nyingine ya kushukia baharini ni ngazi tupu. Kichochoro kikifungwa, Amos naye amefungwa.

Basi akaja Bwana Denholm kutoka Leeds, akanunua ghala la nyavu lililo kando ya kichochoro alifanye mkahawa, na meza azipange kichochoroni. Mkahawa wenyewe akauita Caboose, neno la kizamani la jiko la meli, ambalo hapa kijijini hulisikii ila kinywani mwa Amos. Nilijiuliza kalipata wapi, nikapuuza. Mjinga mimi.

Tukapinga, na halmashauri ikamleta mkaguzi aamue njia ni ya nani. Ramani hazikumsaidia kitu, akasema atawasikiliza wenyeji njia ile wanaiitaje. Na kwetu jina ndilo hati: ukisema ginnel, ni njia ya wote, hata mbwa wa mgeni apite. Ukisema entry, ni ya mwenye jengo, nawe unapita kwa hisani yake. Mtoto wa chekechea anajua.

Neno langu mimi halikuwa na uzito. Nimezaliwa bara, bondeni, kwenye dale kama tusemavyo, na huko vichochoro tunaviita snicket. Nikifungua mdomo tu wananicheka. Mavis ndiye aliyezaliwa mle mle kichochoroni.

"Usihangaike, mwenzangu," aliniambia siku moja kabla. "Ginnel ni ginnel. Nani atanifundisha lugha ya mama yangu?"

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mkaguzi akamuuliza Mavis, "Mama, tangu utoto wako, njia ile mliiitaje?"

Mavis akatazama viatu vyake. "Entry," akasema.

"Ati nini?" Niliinuka. "We Mavis, hebu rudia!"

"Mama, kaa tafadhali," mkaguzi akaniambia.

"Sikai! Muulize kama ana homa!"

"Entry," Mavis akarudia kwa sauti ndogo. "Tuliiita hivyo."

Bwana Denholm akatabasamu, na ubavuni pake alikuwa amekaa Darren, mwana wa Mavis, asiye na kazi tangu kiwanda cha samaki kifungwe. Hapo ndipo nilipoelewa nani atapika kwenye mkahawa ule, na neno la Amos lilifikishwa huko na mdomo wa nani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkaguzi akaamua pale pale: njia ni ya ghala, na lango linawekwa kesho.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa uchungu. Amos sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Asubuhi Mavis akabisha hodi, keki ya tangawizi mkononi, macho mekundu.

"Mwenzangu, Darren ana watoto," akaanza. "Na ni neno moja tu..."

Amos akamsikia kutoka ndani.

"Ni Mavis huyo? Pita, dada yangu! Nilijua hutatuangusha. Huyu mke wangu kanuna tangu jana, hata kunisimulia ulivyowapa vidonge vyao hataki." Akavaa kofia yake. "Leo nisukume wewe. Nataka bandari nzima itutazame."

Mavis akashika kiti. Akanigeukia, akiniomba kwa macho nimtungie uongo.

"Haya, msukume," nikamwambia. "Mkifika langoni, umweleze mwenyewe."