Kikohozi cha Sufi

Maswali ya yule nesi nilikuwa nimeshayakariri kabla zamu yangu haijafika. Una homa? Una mafua? Unaharisha? Umekaa karibu na mtu mwenye vipele? Aliyauliza kwa sauti ileile, mlangoni pa wodi ya watoto njiti, na kila aliyejibu vizuri alielekezwa kwenye bomba anawe mikono mpaka viwikoni. Mabibi tunaruhusiwa Jumapili tu. Jumapili iliyopita nilirudishwa kwa sababu ya kikohozi. Leo nilikuja nimekunywa maji ya moto na asali, na moyoni nimeapa sitakohoa hata nikipaliwa.

Naomba nieleweke. Mimi nashona magodoro ya sufi. Ukichambua sufi tangu ujana wako, vumbi lake linahamia kifuani na halihami tena. Kikohozi changu majirani wanakijua kuliko sura yangu. Wanangu walikuwa wakikisikia kwenye kona wanakimbilia ufagio. Binti yangu alirudi kwangu kulea mimba ya huyu njiti wetu, akalala chumba cha pili na magodoro, na hakuambukizwa chochote. Lakini nenda kamweleze nesi aliyezaliwa juzi.

Kando yangu kwenye benchi alikaa mama wa mkwe wangu. Moyoni humwita Manukato, maana harufu yake hutangulia kufika, yeye akafuata. Mjukuu ni wetu sote, wa kwanza kwangu, na kwake sijui wa ngapi, na bado alikuwa na haraka kuliko mimi.

"Sijalala, dada," aliniambia akipiga miayo. "Yule mtoto mdogo wa binti yangu ana tetekuwanga. Usiku kucha nimempakata, mara anataka maji, mara anajikuna. Ndiyo ubibi huo."

"Pole," nikasema, akili yangu yote ikiwa kooni.

Zamu yake ikafika. Homa? Hana. Mafua? Hana. Amekaa karibu na mtu mwenye vipele?

"Hapana, mwanangu," akasema, huku akikunja mikono ya gauni tayari kwenda kunawa.

Nikamtazama. Yeye akatazama bomba. Nilijua nikinyamaza ataingia. Nilijua pia nikisema, itaonekana ni wivu wa bibi anayeogopa kutanguliwa. Nikapandwa na hasira, kwake, kwa nesi, kwa wodi nzima, kwa nini jambo hili liniangukie mimi. Mle ndani kulikuwa na kitoto ambacho binti yangu aliniambia kinaenea kwenye viganja viwili.

"Mwulize tena hilo la vipele," nikamwambia nesi.

Manukato akageuka. "Dada, unanifanyia nini?"

"Mwambie ulimpakata nani jana usiku."

"Ni mtoto, jamani. Tetekuwanga nayo ni ugonjwa? Wote tuliugua, tukapona."

"Tulikuwa na kilo zetu," nikasema.

Nesi akaweka kalamu chini. Alieleza bila kufoka kwamba njiti hana kinga, na kwamba vipele hivyo tunavyovicheka vinaweza kumuua. Manukato asikanyage pale mpaka siku za hatari zipite na yeye mwenyewe aonekane mzima. Kisha akanigeukia, na kwa kuwa nilikuwa nimepandisha sauti, kikohozi kikatoka. Kikatoka na ukoo wake mzima.

"Na wewe, mama, bado unakohoa."

"Ni sufi, mwanangu. Ni vumbi tu."

"Huenda ni vumbi. Hapa mlangoni siwezi kujua. Kapime kifua. Ukija na majibu mazuri, nitakufungulia mwenyewe."

Nilikuwa na majibu ya kumpa, mengine hayasemeki mbele ya wagonjwa. Lakini sasa hivi tu nilikuwa nimemzuia mwenzangu kwa sheria hiyohiyo. Ningeirukaje? Nikasema sawa. Neno lenyewe lilinikwama kuliko vumbi.

Tukatolewa nje mpaka uani. Tukakaa kwenye ukingo wa saruji chini ya dirisha la wodi, yeye huku, mimi kule, tumenuniana. Sasa sikuwa na cha kuficha, nikakohoa nilivyotaka, kwa hasira, kama mtu anayegombana na ukuta.

Simu yangu ikaita. Nikainua macho, binti yangu huyo nyuma ya kioo, amemfunga mtoto kifuani, kinaonekana kikofia tu.

"Mama, kohoa tena."

"Na wewe unanicheka?"

"Sikucheki. Tangu asubuhi hajafungua macho. Umekohoa, akafungua. Anakujua, Mama. Kohoa tena."

Nikajaribu. Kikohozi kilichonifukuzisha mlangoni Jumapili mbili kikagoma. Nilivuta pumzi, nikakwaruza koo, nikatoa kisauti cha kuku. Machozi yalikuwa yamejaa kooni, na koo lenye machozi halikohoi.

"Unangoja nini?" akauliza Manukato.

"Hakiji."

Akasogea mpaka nilipo. Akanitandika mgongoni kofi lenye hasira zake zote za asubuhi ile, akaongeza la pili, na kikohozi kikafumuka.

Sote wawili tukatazama juu.

"Amefungua," akasema binti yangu.