Ajenda ya Mwisho

Siku Mwalimu Lukresia alipohamishwa, kijiji kilipata nafuu kubwa, hasa upande wa Mwenyekiti. Ilikuwa Januari ya mwaka themanini na mbili. Lori la mahindi lilisimama mbele ya shule saa mbili asubuhi, likapakia godoro moja, sanduku moja la bati, jiko la mkaa na mwalimu mmoja mfupi mwenye sweta la kijani, likaondoka naye kwenda Engaresero, kule chini kwenye joto na magadi, ambako, barua ilisema, mchango wake ulihitajika zaidi. Kijiji chenyewe kiko upande wa Endabash. Jina lake tuliache. Kina watu wanaoona haya upesi.

Mwenyekiti Wilibrodi alikuja kumuaga yeye mwenyewe, na lile koti lake zito ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Tutakukosa sana, mwalimu."

"Mtanikosea wapi, Ndugu Mwenyekiti? Mkutanoni?"

Mwenyekiti alicheka sana. Ni rahisi kucheka na mtu ambaye tayari yuko juu ya lori.

Blandina alisimama nyuma ya choo cha shule akiangalia vumbi jekundu likipanda. Hakwenda kuaga. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliamini, wala hakuna aliyejisumbua kumwambia vinginevyo, kwamba lori lile lilikuwa limeitwa na mdomo wake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu Lukresia alifundisha somo la Siasa. Walimu wenye busara walilifundisha kama ilivyozoeleka: unaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia. Lukresia alikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba aliamini kilichoandikwa. Kitabu kiliposema kila mwanakijiji aliyetimiza miaka kumi na minane ana haki ya kusema katika mkutano wa kijiji, yeye alidhani maana yake ni kwamba kila mwanakijiji aliyetimiza miaka kumi na minane ana haki ya kusema katika mkutano wa kijiji. Mtu wa namna hiyo utamsaidiaje?

Kila Alhamisi alasiri aliwakusanya vijana waliomaliza darasa la saba, waliokuwa wamebaki nyumbani kulima na kuchunga, wakafanya mkutano wa mchezo darasani. Mmoja mwenyekiti, mmoja katibu, waliobaki wananchi wakorofi. Blandina alikuwa katibu kwa sababu mwandiko wake ulisomeka hata na mwenye miwani iliyovunjika.

"Ajenda zote za juu zimeandikwa na wakubwa," mwalimu aliwaambia, akigonga ubao kwa chaki. "Lakini mtazame hii ya mwisho, Mengineyo. Hii haijaandikwa na mtu. Ni yenu. Kijiji kinakaa hapa."

Kwenye mkutano wa kweli, hapo ndipo kijiji kilipokuwa hakikai kabisa. Mwenyekiti Wilibrodi alikuwa na ufundi wake. Alivuta pumzi moja, akasema kama neno moja: "Mengineyohakunanafungamkutano," na kabla hujajua umesikia nini, alikwisha simama na watu wanapangusa makalio. Miaka sita hapakuwahi kuwa na mengineyo katika kijiji kile. Ni kijiji kilichoridhika mno.

Lakini palikuwa na bomba. Maji yalikuwa yameletwa kutoka kwenye chemchemi za msitu wa Ngorongoro, bomba moja kwa kijiji kizima, na bomba hilo lilijengwa ndani ya ua wa Mwenyekiti. Kwa muda tu, alisema, kwa ajili ya usalama. Ule muda nao ulikuwa na miaka sita. Kishikio cha koki alikichomoa akakitia mfukoni mwa koti lake, wahuni wasije wakakiiba, na ni kweli, hakikuibiwa hata siku moja. Wanawake walipanga ndoo nje ya ua wakimsubiri aamke usingizi wa mchana. Akienda Karatu kwenye semina, koki nayo ilikwenda semina, na kijiji kilikunywa maji ya korongo pamoja na ng'ombe mpaka wahudhuriaji wote wawili warudi.

Kwenye mkutano wa Desemba, kabla ya lile lori, Mwenyekiti alivuta pumzi yake.

"Mengineyohakuna—"

"Lipo," alisema Blandina.

Alikuwa amekwisha simama. Alimtazama Mwalimu Lukresia aliyeketi kwenye benchi la walimu. Mwalimu alikuwa anaangalia kucha zake, kana kwamba binti huyu hamjui hata kidogo.

"Ndugu Mwenyekiti, lipo moja tu. Bomba la kijiji linafanya nini ndani ya ua wako?"

 Kisha mtu mmoja nyuma akacheka puani, na kicheko kikatembea benchi hadi benchi.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Wa foleni ya maji," alijibu bibi Leonida, jirani wa Blandina, ambaye kwa umri wake hakuwa tena na mtu wa kumwogopa.

"Swali zuri sana," alisema Mwenyekiti akitabasamu. "Tumelipokea. Litajibiwa."

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, nalo lilikuwa na magurudumu sita.

Baada ya hapo Mengineyo iliondolewa kwenye ajenda ili kuokoa muda wa wananchi. Blandina aliendelea kuteka maji na kunyamaza. Usiku na mchana alilibeba lile swali kama kokoto ndani ya kiatu. Si kwamba lilikuwa baya. Ni kwamba lililipiwa na mtu mwingine.

Masika ya mwaka uliofuata, mwanamume mmoja wa Kimasai, mrefu, vumbi hadi magotini, alifika shuleni akiuliza nyumba ya binti anayeitwa Katibu. Jina lake lilikuwa Koinet, mjumbe wa kamati ya shule kule Engaresero. Walimwelekeza kwa Blandina. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maziwa, akauliza habari za mvua na za ng'ombe, kama mtu mwenye adabu afanyavyo akiwa na habari mbaya. Kisha akasema mwalimu alikuwa amefariki. Malaria. Lori la kumpeleka hospitali lilikuwa bado linasubiriwa.

"Sisi tulimwita yeyo," alisema Koinet. "Mama. Alikuja kwetu akatuuliza, josho la ng'ombe limekauka tangu lini na mmemwambia nani? Tukasema, hatujamwambia mtu. Akasema, basi limekauka kwa ruhusa yenu. Wazee walikasirika siku tatu. Siku ya nne tukaenda kwa mkuu wa wilaya kuuliza."

"Mkawauliza wakubwa?"

"Vijana ndio waliouliza. Sisi tulikwenda kuwazomea wakishindwa." Alicheka kidogo, akafungua mkunjo wa shuka lake. "Hawakushindwa. Shika. Alisema hili ni lako."

Lilikuwa daftari la kurasa mia, mihutasari ya mikutano ya Engaresero kwa mwandiko wa mwalimu. Blandina alifungua kurasa za mwisho wa kila mkutano, moja baada ya nyingine. Zote zilimalizika vilevile: Mengineyo: yapo. Chini yake, majina ya waliouliza.

Alilia baada ya mgeni kuondoka, jikoni, akipepeta maharage ambayo yalikwisha pepetwa.

Kijiji nacho kilimpenda Mwalimu Lukresia upya. Marehemu ana sifa moja kubwa: hanyooshi mkono. Na wilaya ilipotangaza kwamba Agosti hiyo itawatunuku vyeti walimu wa kike waliowajenga vijana wa vijijini wawe raia wanaojituma, Mwenyekiti Wilibrodi alikuwa wa kwanza kulipeleka jina lake. Nani aliyemjua kuliko yeye? Alimwita Blandina aandike ratiba, na siku yenyewe muhtasari.

"Andika. Kufungua. Wimbo wa shule. Hotuba yangu. Mgeni rasmi kutoa cheti. Halafu Kumkumbuka Mwalimu, weka hapo, dakika kumi. Kufunga. Chakula."

"Na Mengineyo, mzee?"

"Binti yangu!" Mwenyekiti alishika kifua. "Huu ni msiba. Msibani kuna mengineyo?"

"Hakuna, mzee."

"Basi."

"Na kumkumbuka, atamkumbuka nani?"

"Yeyote mwenye kumkumbuka. Sisi si watu wa kumnyima mtu majonzi."

Blandina aliandika vizuri, kwa mwandiko wake unaosomeka, akapigia mstari.

Siku ilifika. Mgeni rasmi, Bibi Hyasinta, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alitoka Mbulu na gari lililochemka mara mbili njiani. Mwenyekiti alihutubia dakika arobaini. Alieleza jinsi yeye na marehemu walivyoshirikiana bega kwa bega. Akasema mwalimu alipoondoka, yeye binafsi hakupata usingizi, jambo ambalo wenye ndoo hawakuliona. Kisha cheti kilitolewa, chenye mhuri na mistari ya dhahabu, na kikasomwa kwa sauti: anatunukiwa Bwana Lukresi.

Minong'ono ikaanza.

"Ni herufi tu," alisema Mwenyekiti. "Ametunukiwa kwa moyo."

Ikaja Kumkumbuka Mwalimu. Mwalimu mkuu, Clemensi, alikumbuka kwamba marehemu hakuwahi kuchelewa. Alikumbuka pia kwamba chaki zake hazikuisha mapema. Akakaa, akiwa amemaliza yote aliyoyaona katika miaka tisa.

Blandina alisimama. Safari hii benchi la walimu lilikuwa na nafasi tupu ya kutazama.

"Mimi namkumbuka mwalimu," alisema, "kwa kunifundisha kuuliza swali kwa adabu, halafu kukaa chini kusubiri jibu. Nimekaa mwaka mmoja na miezi minane. Swali lenyewe nalikumbuka kama ninavyomkumbuka yeye. Nililiuliza mbele yake. Lilikuwa hivi: bomba la kijiji linafanya nini ndani ya ua wa Mwenyekiti?"

"Ndugu zangu," alianza Mwenyekiti, "hili ni jambo la mengineyo—"

"Si mengineyo, ni majonzi," alisema bibi Leonida, akijiinua kwa mkongojo. "Na mimi namkumbuka. Mwalimu aliniuliza, bibi, mbona mgongo wako umepinda? Nikamwambia, korongo ni mbali. Nimemkumbuka. Nimemaliza."

Wa tatu, kijana mmoja, alimkumbuka mwalimu akisema koki ni mali ya umma. Wa nne alimkumbuka akiuliza koki inalala wapi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimkumbuka kwa machozi ya kweli, na katikati ya machozi akataja saa ambazo ndoo yake ilikaa foleni. Mikono ilikuwa juu kila upande. Kijiji hakikuwahi kumlilia mtu kwa mpangilio mzuri kama ule. Mwenyekiti aligeuka huku na huku akitafuta pumzi yake ile ya neno moja, lakini utawaambiaje watu walio msibani kwamba marehemu hakuna?

Bibi Hyasinta aliacha kuandika.

"Mwenyekiti, hiyo koki iko wapi?"

"Ipo. Ipo salama kabisa."

Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni. Watu mia mbili waliutazama ukienda. Ulipogundua kwamba unatazamwa haukuweza tena kurudi mtupu, ukatoka na kile kipande cha chuma, kimeng'aa kwa miaka ya kusuguana na koti.

"Nimeitunza," alisema.

"Tumeona. Weka mezani."

Aliiweka juu ya cheti. Upepo wa Agosti ulikuwa unavuma, na angalau Bwana Lukresi hakupeperuka.

Blandina aliandika muhtasari palepale. Alipofika mwisho aliandika: Kumkumbuka Mwalimu: yapo. Chini yake akaorodhesha majina, la kwanza likiwa lake mwenyewe. Kisha akafunga daftari, na kwa mara ya kwanza tangu lile lori, akamuaga mwalimu, polepole, ndani ya kinywa chake.

Bomba lilihamishwa Novemba. Sasa liko njiapanda, karibu na shule, na koki haichomolewi. Siku mbili kwa juma maji hayatoki. Cheti kiko ukutani kwa mwalimu mkuu, na jina halijasahihishwa. Mengineyo haikurudishwa kwenye ajenda, wala hakuna aliyeidai. Kila mkutano, kabla ya kufunga, katibu husoma ajenda ya mwisho, Kumkumbuka Mwalimu, na watu hunyoosha mikono.